Mzee Byrd na kura ya 60

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 21 Desemba 2009, jiji la Washington lilikuwa limefunikwa na theluji. Saa saba usiku ilishapita kidogo pale maseneta walipoanza kuitwa majina kupiga kura. Mmoja wao aliingizwa ukumbini akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa Robert Byrd wa West Virginia, wa chama cha Democratic cha Rais Obama, mzee wa miaka 92 aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu. Saa chache kabla, seneta wa upande wa pili, chama cha Republican, Tom Coburn wa Oklahoma, ambaye kwa taaluma ni daktari, alisimama akasema Wamarekani waombe Mungu mtu mmoja ashindwe kufika kupiga kura usiku huo. Hakutaja jina. Kila aliyekuwa mle ndani alijua nani mzima na nani hoi.

Byrd alifika. Matokeo yakawa 60 kwa 40. Ingekuwa 59, muswada wa bima ya afya wa Rais Obama ungekwama palepale.

Shemeji yangu anaishi Columbus, Ohio, na bima yake ya afya anaikata kupitia mpango huo ambao mtaani wanauita Obamacare. Kila baada ya miezi kadhaa ananiuliza swali lilelile kwenye simu: hivi hii kitu walishaifuta au bado ipo? Nimemjibu vipandevipande mpaka nimechoka. Jibu kamili ni refu, na nimegundua kwamba ukitaka kulielewa, huwezi kuanzia hospitali wala kwenye kampuni za bima. Unaanzia kwenye kanuni za Seneti, na kwa mzee huyu wa kwenye kiti cha magurudumu.

Sisi tuliozoea Bunge la Dodoma hesabu ya usiku ule inatuchanganya. Kwetu Spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unaitika, naye anatangaza walioafiki wameshinda. Chama chenye wabunge wengi kikileta muswada, unapita. Kinachobaki kuulizwa ni lini. Mwaka 2009 chama cha Democratic kilikuwa na Rais, kilikuwa na wingi mkubwa katika Baraza la Wawakilishi, na kwenye Seneti, baraza la pili la Bunge lao, lenye viti 100, kilikuwa na 60, ukijumlisha maseneta wawili wa kujitegemea waliokaa upande wake. Sasa kwa nini wamburuze mzee mgonjwa kwenye theluji saa saba za usiku?

Kwa sababu Seneti ya Marekani ina kura mbili, na ya kwanza ndiyo ngumu. Kupitisha muswada kunahitaji wingi wa kawaida tu. Lakini kabla ya kufika huko, lazima mjadala ufungwe, na kanuni za Seneti hazimpi mwenyekiti uwezo wa kuufunga kwa kugonga meza. Seneta akiamua kuendelea kuongea, anaendelea. Mbinu hiyo wanaiita filibasta. Mwaka 1917 ilitungwa kanuni kwamba theluthi mbili wanaweza kumaliza mjadala. Mwaka 1975 kiwango kikashushwa hadi tatu ya tano, yaani kura 60. Siku hizi hata pumzi ya kuongea haihitajiki sana. Wapinzani wakishaonyesha kwamba wana watu 41 wasiokubali mjadala ufungwe, muswada umekufa bila mtu kukauka koo.

Byrd aliijua mbinu hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1964 alisimama akaongea zaidi ya saa 14 kupinga Sheria ya Haki za Kiraia, ile iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi kazini, hotelini na kwenye migahawa. Ujanani alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa watu weusi. Baadaye alijutia hayo hadharani, tena si mara moja. Nayataja ili msomaji asije akaaminishwa kwamba filibasta ni ngao ya wanyonge. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuwazuia watu weusi wasipate sheria.

Nyumba hiyo yenye mlango mgumu wa mbele ina pia mlango wa uani. Sheria ya bajeti ya mwaka 1974 iliweka utaratibu maalumu, ambao wenyewe wanauita upatanishi, kwa ajili ya kulinganisha sheria za kodi na matumizi na bajeti iliyopitishwa. Muswada ukipita njia hiyo, mjadala una mwisho wa saa 20, na ukiisha watu wanapiga kura. Hamsini na moja zinatosha, au hamsini na ya Makamu wa Rais. Haikuchukua miaka mingi watu wakaanza kupitishia uani mizigo isiyohusiana na bajeti. Aliyeuwekea mlango huo komeo, katikati ya miaka ya 1980, ni Byrd. Kanuni inayobeba jina lake inasema kila kifungu kinachopita hapo lazima kiguse mapato au matumizi ya serikali, na kiyaguse kwa uzito, isiwe ni fedha inayodondoka pembeni ya jambo lingine. Anayepima ni mshauri wa kanuni wa Seneti, mtumishi asiyechaguliwa na mwananchi yeyote. Vifungu vinavyotupwa nje wenyeji wa jengo lile wanaviita kinyesi cha Byrd, maana jina la mzee linatamkwa sawasawa na neno lao la ndege.

Komeo hilo lilimkwaza kwanza rais wa chama chake mwenyewe. Mwaka 1993 Bill Clinton alileta mpango wake wa afya wenye kurasa zaidi ya 1,300, ulioandaliwa Ikulu chini ya mkewe Hillary. Hakuwa na kura 60, akataka kupita uani. Byrd akamkatalia: jambo kubwa namna ile, alisema, haliwezi kujadiliwa kwa saa 20. Desemba mwaka huo William Kristol, mwanamikakati wa upande wa Republican, aliwaandikia wenzake waraka uliowataka wasitafute maafikiano yoyote. Waue mpango wote, kwa hoja kwamba ukifanikiwa utawarudishia Wademokrati sifa ya kuwa chama cha watu wa kipato cha kati. Septemba 1994 mpango ukatangazwa kuwa umekufa. Novemba Warepublikani wakalitwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40.

Kila upande ulitoka pale na funzo lake. Wademokrati walijifunza kwamba Ikulu isiandike muswada, iwaachie wabunge. Na kwamba wenye viwanda vya dawa wawekwe sawa mapema, jambo ambalo Obama alilifanya Juni 2009 kwa makubaliano ya dola bilioni 80. Warepublikani walijifunza kwamba kukataa kunalipa.

Hapa ndipo anapoingia Mitch McConnell wa Kentucky, wakati huo kiongozi wa Warepublikani, waliokuwa wachache katika Seneti. Ninavyomsoma mimi, huyu ndiye aliyeielewa siasa ya jambo hili kuliko wote, ukipenda usipende. Mwananchi wa kawaida hawezi kusoma muswada wa kurasa elfu mbili. Anachotazama ni nani amesimama upande gani. Akiona wa huku na wa kule wamesaini, anasema basi jambo litakuwa la heri. Akiona upande mmoja peke yake, anashtuka. Kwa hiyo Mrepublikani mmoja tu akiunga mkono, muswada unapata sura ya taifa. Wote wakikataa, unabaki wa chama. McConnell mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba walifanya kazi kubwa kuhakikisha alama za vidole vyao hazionekani kwenye mapendekezo yale. Mwenzake Jim DeMint wa South Carolina alikuwa wazi zaidi. Julai 2009 alisema wakifanikiwa kumzuia Obama kwenye hili, patakuwa ndipo Waterloo yake, kama pale Napoleon aliposhindwa vita yake ya mwisho, patamvunja.

Jambo linalochekesha, au linalosikitisha, ni kwamba moyo wa muswada wenyewe ulitoka upande wao. Sharti la kila mtu kuwa na bima lilipendekezwa mwaka 1989 na taasisi ya wahafidhina, Heritage Foundation. Gavana Mrepublikani, Mitt Romney, aliliweka kwenye sheria ya Massachusetts mwaka 2006.

Na sharti hilo si la kupamba. Fikiria chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwenu. Kikao kikiamua kwamba hakuna atakayekataliwa kujiunga, hata kama mgonjwa wake yuko mahututi, watu wenye akili zao watakaa nje mpaka siku ya msiba, ndipo waje na mchango wa kwanza. Chama hakimalizi mwaka. Sheria ya Obama ilikataza kampuni za bima kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao kabla. Kwa hiyo ililazimika kuwataka wazima nao waingie, na wasioingia walipe faini. Kisha ikawapa ruzuku wasio na uwezo wa kulipa, na kuupanua Medicaid, mpango wa serikali wa kuwatibu maskini. Mguu mmoja ukiung'oa, meza inayumba. Tunza picha ya meza hiyo, tutairudia.

Majira ya joto ya 2009 yalikwisha kwa danadana. Kwenye Kamati ya Fedha ya Seneti, mwenyekiti Max Baucus aliwakusanya watu sita, watatu kwa watatu, watafute maelewano. Wiki zikapita. Agosti wabunge walirudi majimboni wakakutana na mikutano ya makelele, na Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa urais wa Republican mwaka 2008, akaandika kuhusu mabaraza ya kifo ambayo eti yangeamua mzee gani atibiwe na nani aachwe. Hapakuwa na kifungu cha namna hiyo. Chuck Grassley, mmoja wa wale sita, naye aliwaambia wapiga kura wake wa Iowa kwamba wana haki ya kuogopa. Oktoba 13 kamati ikapiga kura 14 kwa 9, na Mrepublikani mmoja pekee, Olympia Snowe wa Maine, akasema ndiyo. Muswada ulipofika ukumbini, hata yeye alisema hapana.

Kumbe saa ilikuwa inahesabu. Watu wengi hudhani Obama alikuwa na kura 60 kwa miaka miwili. Hakuwa nazo. Al Franken wa Minnesota aliapishwa Julai 2009 baada ya kesi ndefu ya uchaguzi. Ted Kennedy wa Massachusetts, aliyeipigania bima ya afya maisha yake yote, alikuwa kitandani na saratani ya ubongo, na tarehe 25 Agosti akafariki. Sheria ya jimbo lake ilisema gavana haruhusiwi kuteua mrithi. Na nani aliyeiandika hivyo? Wademokrati wenyewe, mwaka 2004, walipohofia kwamba John Kerry, seneta mwingine wa jimbo hilo, akishinda urais, Gavana Romney atamteua Mrepublikani kwenye kiti chake. Miaka mitano baadaye, gavana akiwa wao, waliigeuza haraka, na Paul Kirk akateuliwa mwishoni mwa Septemba. Mpaka hapo ndipo 60 zilipokuwa 60 za kweli, na zilidumu miezi minne na kidogo.

Ukiwa na 60 na unahitaji 60, huna wengi. Una wafalme sitini. Joe Lieberman wa Connecticut alisema hataunga mkono bima ya umma itakayoshindana na kampuni binafsi; ikatolewa. Ben Nelson wa Nebraska, kura ya mwisho kupatikana, alikubali baada ya jimbo lake kuahidiwa kwamba serikali kuu itabeba daima gharama ya kuupanua Medicaid kule, dola milioni 100 hivi kwa miaka kumi. Magazeti yaliipa jina la rushwa. Kwa bajeti ya Marekani hizo ni hela za vocha, lakini zilinuka kuliko mabilioni.

Upande wa pili nao walitumia kila sekunde. Desemba 16 Coburn alitaka marekebisho ya Seneta Bernie Sanders yasomwe kwa sauti, neno kwa neno. Yalikuwa na kurasa 767. Makatibu walisoma karibu saa tatu, mpaka Sanders akayaondoa mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 24, mkesha wa Krismasi, kura ya mwisho ilipigwa: 60 kwa 39. Byrd alipofikiwa alisema kura yake ni kwa ajili ya rafiki yake Ted Kennedy, kisha akasema ndiyo.

Halafu kitumbua kikaingia mchanga. Tarehe 19 Januari 2010 kiti cha Kennedy kilijazwa kwa uchaguzi mdogo, na katika jimbo ambalo Wademokrati walilihesabu kama la kwao, akashinda Scott Brown, Mrepublikani aliyekuwa akitembea akijinadi kuwa kura ya 41.

Wakati huo kulikuwa na miswada miwili. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha wake tarehe 7 Novemba kwa 220 dhidi ya 215, na Seneti ilikuwa na wake. Kwa kawaida kamati ya pamoja inaoanisha, kisha kila upande unapiga kura upya. Kura mpya Seneti ingekutana na watu 41. Yaani ule muswada wa usiku wa theluji, pamoja na ahadi ya Nebraska na makosa yake ya uandishi, ulikuwa umegeuka kuwa jiwe: hakuna neno la kuongeza wala kupunguza kwa njia ya kawaida.

Spika Nancy Pelosi na kiongozi wa wengi katika Seneti, Harry Reid, walitoka kwenye shimo hilo kwa hatua mbili. Kwanza, Baraza la Wawakilishi limeze muswada wa Seneti mzimamzima, hivyo usirudi Seneti kabisa. Pili, upitishwe muswada mdogo wa marekebisho kwa mlango wa uani, ambako 51 zinatosha, ukiondoa ile aibu ya Nebraska na kupanga upya ruzuku na kodi. Tatizo lilikuwa imani. Wabunge waliogopa kumeza cha Seneti halafu maseneta wasahau hatua ya pili. Wengine, wakiongozwa na Bart Stupak wa Michigan, waligomea hadi Rais alipoahidi amri ya kuthibitisha kwamba fedha za serikali hazitalipia utoaji mimba. Jumapili ya tarehe 21 Machi 2010 muswada ukapita, 219 kwa 212. Hakuna Mrepublikani hata mmoja, na Wademokrati 34 waliupinga. Obama akasaini tarehe 23. Siku mbili baadaye Seneti ikapitisha marekebisho kwa 56 dhidi ya 43, baada ya kanuni ya Byrd kung'oa vifungu viwili vidogo vya mikopo na misaada ya wanafunzi, vilivyofanya wabunge warudie kura. Byrd mwenyewe alipiga ndiyo. Miezi mitatu baadaye alifariki.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu mpaka leo utasikia watu wakisema Obamacare ilipitishwa kwa ujanja wa kura 51. Sheria yenyewe ilipita kwa 60, mlango wa mbele, mchana kweupe (sawa, usiku). Yaliyopita uani ni marekebisho tu.

Malipo ya kutoweza kusahihisha yalikuja baadaye. Kifungu kimoja kilisema ruzuku zitatolewa kwa walionunua bima kwenye soko lililoanzishwa na jimbo, huku majimbo mengi yakiwa yamegoma kuanzisha masoko hayo na serikali kuu kuyaanzisha kwa niaba yao. Katika Bunge lenye maelewano, hilo ni la kusahihishwa kwa mstari mmoja alasiri ya Alhamisi. Hapa likafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mamilioni ya watu wakasubiri hadi Juni 2015, majaji walipoamua kwa 6 dhidi ya 3 kwamba ruzuku ziendelee. Kabla ya hapo, mwaka 2012, mahakama hiyohiyo iliokoa sheria kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema faini ya kutokuwa na bima ni aina ya kodi, ila ikayapa majimbo uhuru wa kukataa kuupanua Medicaid. Na mwaka wenyewe wa 2010 Warepublikani walizoa viti 63 vya Baraza la Wawakilishi. McConnell alikuwa amepiga hesabu vizuri.

Miaka iliyofuata walipiga kura za kuifuta sheria zaidi ya mara 50. Oktoba 2013 walizuia fedha za bajeti kwa ajili hiyo, na shughuli nyingi za serikali zikafungwa kwa siku 16. Januari 2016 muswada wa kuifuta ulifika mezani kwa Obama kwa njia ya uani, akaupiga veto, yaani akaukataa. Kila aliyeupigia ndiyo alijua veto inakuja. Ni rahisi kuwa jasiri namna hiyo.

Mwaka 2017 veto ikawa haipo. Warepublikani walikuwa na Rais Trump, Mabaraza yote mawili, na viti 52 Seneti. Hamsini na mbili si 60, kwa hiyo wale waliomtukana Obama miaka saba kwa kupita uani sasa wakasimama foleni kwenye mlango uleule. Na pale wakalikuta komeo la Byrd.

Rudi kwenye meza yetu. Faini ni fedha: inaweza kufutwa uani. Ruzuku na Medicaid ni fedha: vinaweza kukatwa. Lakini amri kwamba mgonjwa asikataliwe ni kanuni ya biashara ya bima, si bajeti, hivyo ilikuwa vigumu kuigusa kwa kura 51. Walichoweza kufanya ni kuing'oa meza miguu na kuliacha bao. Mshauri wa kanuni, Elizabeth MacDonough, aliwaeleza Julai kwamba hata baadhi ya vifungu walivyopanga, kikiwemo cha kumsubirisha miezi sita mtu aliyeacha bima, havipiti. Baraza la Wawakilishi, baada ya kuahirisha Machi kwa kukosa kura, lilipitisha toleo lake Mei 4 kwa 217 dhidi ya 213. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba toleo hilo lingeongeza watu milioni 23 wasio na bima ifikapo 2026. Magavana Warepublikani ambao majimbo yao yalikuwa yameshaupokea upanuzi wa Medicaid, kama John Kasich wa Ohio, walipiga kelele. Kitu ambacho kilikuwa rahisi kukipinga kikiwa karatasi kilikuwa sasa ni dawa ya sukari ya mama wa mtu.

McConnell akabaki na muswada mwembamba: kurasa nane, zilizotolewa usiku wa Julai 27, saa chache kabla ya kura. Ungefuta faini na mambo machache. Ofisi ya Bajeti ilisema watu milioni 16 zaidi wangekosa bima, na bei zingepanda kwa takriban asilimia 20 kulinganisha na sheria ilivyokuwa. Seneta Lindsey Graham alisimama mbele ya waandishi akauita janga na udanganyifu, akadai Spika Paul Ryan aahidi kwamba Baraza la Wawakilishi halitaupitisha ulivyo. Baada ya kupata maneno ya kumtuliza, akaupigia kura ya ndiyo. Isome tena sentensi hiyo. Alipigia kura sheria kwa sharti kwamba isiwe sheria.

John McCain wa Arizona alikuwa amerudi siku chache kabla na kovu bichi juu ya jicho. Madaktari walikuwa wamemkuta na saratani ya ubongo. Julai 25 alihutubia Seneti akazisema pande zote mbili: Wademokrati kwa kusukuma sheria yao peke yao, na chama chake kwa kufanya vilevile gizani. Saa saba na nusu usiku, Julai 28, alitembea hadi mbele, akanyoosha mkono, akageuza kidole gumba chini. Warepublikani wenzake Susan Collins na Lisa Murkowski walishakataa. Ikawa 49 kwa 51. Wademokrati wachache walianza kupiga makofi, na kiongozi wao Chuck Schumer akawapungia mkono wanyamaze.

McCain alifariki tarehe 25 Agosti 2018, kwa saratani ya ubongo, tarehe ileile na kwa ugonjwa uleule uliomuua Kennedy miaka tisa kabla.

Desemba 2017 Warepublikani waliirudia faini peke yake, wakaishusha hadi sifuri ndani ya sheria ya kodi, kwa mlango wa uani. Meza iliyumba lakini haikuanguka, kwa sababu ruzuku zilibaki na watu walishazizoea. Mwaka 2021 Wademokrati wakaziongeza ruzuku, wakaendeleza nyongeza hiyo mwaka 2022 hadi mwisho wa 2025, mara zote uani. Julai 2025 Warepublikani wakapunguza Medicaid, uani pia, kwa kura ya Makamu wa Rais JD Vance. Oktoba ilipofika, Wademokrati, sasa wao ndio wachache, walikataa kutoa kura za bajeti mpaka nyongeza ya ruzuku irefushwe. Serikali ilifungwa siku 43, ndefu kuliko zote hadi wakati huo, na ikafunguliwa kwa ahadi kwamba hoja yao itapigiwa kura Desemba.

Kwa hiyo shemeji, jibu ni kwamba ipo, ila barua ya bei ya 2026 uliyonitumia picha ndiyo matokeo ya kura hiyo ya Desemba 11. Warepublikani wanne walijiunga na Wademokrati kuirefusha ruzuku kwa miaka mitatu. Ndiyo zikawa 51, hapana 48. Hoja ikaanguka.